Usingizi Ulionunuliwa na Ofisi

Uwe Biryogo umekaa mbele ya kikombe cha chai, uwe ndani ya basi la kurudi Kabuga, uwe Goma au Bujumbura unageuza antena upate sauti vizuri, karibu. Leo tuzungumze juu ya kitanda. Kitanda chenyewe kimo ndani ya ndege, kule mbele, upande wa pili wa pazia, mahali ambapo wengi wetu hupita tu tukielekea viti vya nyuma, macho tumeyakaza kwenye namba tusije tukaonekana tunashangaa.

Kazi yangu hunipeleka Marekani mara moja moja, safari za siku chache, na zipo nyakati ambapo tiketi hutoka ikiwa ya daraja la biashara. Sijawahi kuilipia mwenyewe. Naliweka wazi hilo mapema kwa sababu mtaani kwetu Batsinda habari zikienea kwamba fulani alilala angani, kesho yake wakopaji wanaanza kubisha hodi. Tiketi hiyo hugharimu mara tatu, mara nne, pengine zaidi ya ile ya daraja la kawaida, kwenye ndege hiyo hiyo, inayoondoka dakika hiyo hiyo na kutua uwanja ule ule. Aliyekaa mbele hamtangulii wa nyuma, isipokuwa kwa ule urefu wa bodi tu, maana pua ya ndege lazima iutangulie mkia. Sasa hizo fedha za ziada zinanunua nini?

Ukimuuliza ambaye hajapanda, atakujibu: chakula. Atakutajia divai, glasi za kioo, kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya meza. Ni kweli vipo. Lakini huko juu hewa ni kavu, pua hukauka, ulimi huwa mzito, chumvi na sukari hazisikiki kama zinavyosikika ukiwa chini. Wapishi wa mashirika ya ndege wanalijua hilo, ndiyo maana huzidisha viungo. Utaletewa samaki kwenye sahani ya kaure, utamshukuru mhudumu kwa adabu zote, na moyoni utakuwa unawaza sambaza wa Gisenyi. Hakuna kampuni yenye akili timamu inayomlipia mfanyakazi maelfu ya dola ili akale samaki asiye na ladha.

Kinachonunuliwa ni usingizi. Na historia ya jambo hili inapendeza, hebu tuitazame.

Kulikuwa na wakati ambapo wenye haraka ya kuvuka Atlantiki waliuziwa muda. Ndege ya Concorde, iliyotengenezwa na Waingereza na Wafaransa, ilianza kubeba abiria mnamo Januari 1976, na Air France waliizindua kwa njia ya Paris kwenda Rio de Janeiro, ikitua Dakar kujaza mafuta. Kwa hiyo Afrika tulikuwamo tangu siku ya kwanza, kama kituo cha mafuta. Baadaye ikawa maarufu kwa njia ya London na New York: saa tatu na nusu hivi unakuwa umeshavuka. Mtu aliondoka London asubuhi, akatua New York saa ya ukutani ikiwa nyuma ya ile aliyoondokea. Viti vyake vilikuwa vyembamba na madirisha madogo. Hakuna aliyelalamika sana, kwa kuwa kabla miguu haijaanza kuuma, safari ilikuwa imekwisha.

Concorde ilistaafu mwaka 2003. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2000, British Airways walikuwa wameingiza katika daraja la biashara kiti kinacholala chali kabisa kikawa kitanda. Mashirika mengine yakafuata. Daraja lenyewe halikuwa la zamani sana. Lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, pale mashirika yalipoona kwamba mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili amekaa bega kwa bega na mtalii aliyepata tiketi ya bei ya kutupa, naye ananung'unika. Wakawatenga kwa pazia. Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo: nafasi kidogo ya magoti, kinywaji cha bure. Kitanda ndicho kilichobadilisha kila kitu. Toka hapo mwenye haraka hakuuziwa tena mwendo wa kasi. Alikubali kwenda kwa mwendo ule ule wa watu wote, mradi aende amelala. British Airways wakafikia hatua ya kuichukua Airbus A318, ndege ndogo ambayo kwa kawaida hubeba watu zaidi ya 100, wakaitia viti 32 tu vya kulala, ikawa inatoka uwanja wa London City kwenda New York. Wakati wa kwenda ilitua Shannon, Ireland, kujaza mafuta, na abiria wakamalizana na maofisa wa uhamiaji wa Marekani hapo hapo. Ilianza mwaka 2009, ikakoma mwaka 2020, mwaka ambao ofisi nzima nzima ziligundua kwamba mkutano unaweza kufanyika mtu akiwa amevaa kandambili.

Sisi wa ukanda huu tulipata njia yetu ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways walipoanza safari ya Nairobi hadi New York bila kutua. Kabla ya hapo ilikuwa lazima upitie Brussels, Amsterdam, Doha, Istanbul au Addis Ababa, na hadi leo wengi wa Kigali hupita huko huko. RwandAir yetu inafika Ulaya, lakini bahari kubwa haijaivuka kwenda Marekani. Ile safari ya Nairobi ni ya karibu kilomita 12,000: saa 15 kwenda, 14 kurudi. Ndege ni Boeing 787-8 yenye viti 234, na kati ya hivyo 30 ndivyo vya daraja la biashara. Shirika lilipotangaza safari hiyo lilisema ingehitaji marubani wanne, wahudumu 12 na mafuta tani 85 kwa kila mwendo.

Ngoja tusimame kidogo kwenye wale marubani wanne. Usukani unahitaji wawili. Wawili wengine wanakwenda kufanya nini? Kulala. Juu ya dari ya ndege ile kuna chumba kidogo chenye vitanda vya marubani, na kingine cha wahudumu, abiria hatuvioni. Wanapokezana. Usingizi wa rubani umewekwa kwenye sheria za usafiri wa anga, unahesabiwa saa kwa saa, na ukipungua ndege hairuki. Katika ndege nzima, msikilizaji, usingizi ambao hakuna anayeuita anasa ni huo.

Abiria wa mbele je? Hapo ndipo mjadala huanza, na kila mwajiri ana kanuni yake. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za mwaka 2013, uliweka mpaka kwenye saa 9: safari ya moja kwa moja ikifika hapo, mtumishi anaweza kukaa daraja la biashara. Serikali ya Marekani kwa watumishi wake ni bahili zaidi. Safari lazima izidi saa 14, na pia mtumishi awe anatakiwa kuripoti kazini kesho yake au mapema zaidi. Tena wameongeza kifungu ambacho mimi nakiona ndicho chenye ukweli kuliko vyote: ukishapewa kiti hicho, hudai tena siku ya kupumzika njiani wala ukifika. Umeshalala. Nenda kazini.

Yaani kitanda kimetolewa badala ya siku ya mapumziko. Tuache kukiona kama zawadi. Mhasibu amekaa, amepiga hesabu: hoteli ya usiku mmoja, posho ya siku moja, mshahara wa siku moja ambayo mtu hafanyi kazi, akaviweka upande huu, tofauti ya bei ya tiketi akaiweka upande ule. Wakati mwingine kitanda hushinda. Mara nyingi hakishindi, ila mkubwa anakitaka, na hesabu hutafutwa baada ya uamuzi.

Ndiyo maana John Magufuli, alipoingia Ikulu ya Tanzania mwezi Novemba 2015, alianza na mambo kama haya. Alibana safari za nje za watumishi wa umma, na viti vya daraja la kwanza na la biashara akavibakiza kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Watu walishangilia barabarani na kwenye vijiwe vya kahawa. Walishangilia kwa sababu walijua nani analipa. Kampuni binafsi ikimlaza mtu wake angani, hiyo ni juu ya wenye hisa. Wizara ikimlaza mtu wake, aliyenunua kitanda ni muuza nyanya wa Kimironko, kupitia kodi yake.

Lakini sitaki niishie kwenye kushangilia, maana nimekaa pande zote mbili za pazia na najua kinachotokea.

Safari ya Nairobi kwenda New York huondoka usiku na kutua asubuhi. Ukitazama saa za ukutani utadhani ni usiku wa kawaida, kumbe ni usiku wa saa 15, kwa sababu ndege inakimbia upande ule ule ambao giza linakwenda. Sudan Kusini, Chad, Sahara yote, kisha bahari, na bado hakujakucha. Ukiwa nyuma, karibu na dirisha, na watu wawili wamelala kati yako na njia, usiku huo unaujua kila dakika yake. Shingo inakataa kulia, inakataa kushoto. Magoti yanagusa kiti cha mbele. Mtoto wa watu analia, mama yake anambembeleza kwa Kisomali, na wewe unamwonea huruma mama kuliko unavyojihurumia. Hewa ya ndani walau haitusumbui sana sisi wa milimani. Boeing 787 huishikilia kama ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndege za zamani hufika hadi 2,400. Mtu wa Mombasa atahisi amepandishwa mlima. Kwetu ni kama kushinda Musanze.

Watu wamezoea kusema kuwa kiti cha nyuma kinaua, kwamba damu huganda miguuni kwa sababu ya kubanwa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia jambo hilo, na matokeo ya awamu ya kwanza yakatolewa mwaka 2007. Hatari hiyo huongezeka kama mara mbili mtu akisafiri kwa zaidi ya saa nne bila kusogea, lakini hata hivyo hubaki ndogo: kwa mtu mwenye afya njema ni kama mmoja kati ya 6,000. Tena haichagui ndege. Basi ni hivyo hivyo, gari dogo ni hivyo hivyo. Anayetoka Kigali kwenda Nairobi kwa basi kupitia Kampala, amekaa mchana kutwa na usiku kucha, anahitaji ushauri ule ule: inuka, tembea, kunywa maji. Na yule wa mbele aliyekunywa divai akalala kama gogo hadi asubuhi naye hajaepuka, maana hakusogea.

Turudi kwenye usingizi. Nilipolala kule mbele nililala vizuri, siwezi kusema uongo. Godoro jembamba, blanketi la kweli, soksi walizonipa. Nikaamka mgongo ukiwa mzima na shati halijakunjamana. Nilijiona nimewashinda wenye dunia. Tukashuka, na pale uhamiaji foleni ilikuwa moja. Mama mmoja wa viti vya nyuma, na mtoto wake, walikuwa mbele yangu. Saa chache baadaye nilikuwa ndani ya chumba cha mkutano, nimeshika kikombe cha kahawa, nazungumza kama mtu. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa safari za kikazi jembe hutukuta mlangoni.

Tatizo huanza baada ya hapo. Kigali iko mbele ya New York kwa saa 6 wakati wao ni kiangazi, na saa 7 wakati wao ni baridi. Mwili wa binadamu hujisogeza polepole, kama saa moja kwa siku. Kwa hiyo usiku ule wa kwanza wa hoteli, saa nane za usiku, macho yanafunguka kama dirisha, kwa sababu Batsinda ni saa mbili asubuhi na mwili unashangaa kwa nini bado umelala. Unatazama dari. Siku ikifika saa kumi na moja jioni, ndipo mwenyekiti anapouliza maoni yako juu ya jambo zito, na kwako ni saa tano ya usiku. Kesho yake nafuu kidogo. Mwili unapoanza kukubali, teksi iko mlangoni kukurudisha uwanjani. Na kurudi, kwa kuwa unaelekea mashariki, ni kugumu zaidi kuliko kwenda.

Hicho ndicho kitanda cha ndege hakiwezi kukitibu. Kinatibu mgongo, kinatibu magoti, kinaokoa asubuhi moja. Saa iliyo ndani ya mwili haijui uliketi safu ya ngapi. Mtu wa kiti cha nyuma na mtu wa kiti cha mbele, usiku wa pili, wote wako macho wanatazama televisheni ya hoteli wasiyoielewa.

Nawafikiria wale vijana wa mwaka 1959. Mwezi Septemba mwaka huo mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alifanikiwa kuwapeleka wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ya kukodi, kwa michango ya Wamarekani waliohamasishwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata katika mpango huo huo aliondoka Wangari Maathai kwenda kusoma Kansas. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Ndege za wakati ule zilitua njiani mara kadhaa, viti vilikuwa viti, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda ndege. Lakini walikuwa wanakwenda kukaa miaka. Uchovu wa wiki moja ndani ya miaka minne si kitu, hata barua ya nyumbani isingeutaja. Kilichotuletea haja ya kitanda ni ufupi wa safari zetu. Tunavuka nusu ya dunia kwenda kukaa siku ambazo hazitoshi hata kufua nguo, halafu tunatafuta dawa ya ujinga huo, na dawa ni ya bei mbaya.

Na bei yenyewe haiishii kwenye fedha. Benki ya Dunia ilitoa hesabu mwaka 2013: kwa kuwa abiria wa daraja la biashara huchukua nafasi kubwa zaidi, mzigo wake wa hewa chafu ni kama mara tatu ya yule wa nyuma. Nilisoma hayo nikielekea kwenye mkutano uliohusu mazingira. Tuliokuwamo humo tulicheka, kisha tukaendelea na ajenda.

Sasa niwalete Batsinda, maana nimewazungusha sana angani.

Wasioijua: Batsinda iko Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu ya chini, ile watu wa Kigali waliyokuwa wakiiita Kiyovu ya maskini, waliondolewa ili jiji lijenge upya katikati ya mji. Walijengewa huku nyumba zipatazo 250, kwa fedha za Caisse Sociale, mfuko wa hifadhi ya jamii ambao leo umo ndani ya RSSB. Nyumba zilikuwa imara kuliko walizoziacha bondeni, na mtu wa haki atakubali hivyo. Kilichopotea kilikuwa ukaribu. Kiyovu mtu alishuka kwa miguu hadi sokoni, akabeba mizigo, akafua nguo za watu, akarudi kula mchana. Kutoka Batsinda alihitaji basi, na basi lilihitaji nauli ambayo kibarua hana kabla hajafanya kibarua. Wapo waliouza au kupangisha wakarudi kupanga vyumba karibu na mji. Wengine wakabaki. Leo Batsinda imechanganyika, maghorofa yameota kando ya nyumba zile za mwanzo, na hata mimi ni mmoja wa waliokuja baadaye.

Jirani yangu mmoja ni mzee wa wale wa 2008. Niliporudi safari moja alinikuta mlangoni asubuhi na mapema, macho yangu mekundu, akanicheka.

"Mwanangu, umeamka mapema hivi?"

"Sijalala, mzee. Mwili bado uko Marekani."

"Wanasema ofisi yenu inawanunulia kitanda ndani ya ndege."

"Kweli, mzee."

"Basi ni waajiri wema. Mke wangu anaamka saa tisa na nusu tangu tuhamie huku, na hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje."

Mkewe hufanya usafi katika jengo la ofisi mjini. Lazima awe amemaliza kabla wenye ofisi hawajafika. Anatoka nyumbani giza halijaisha, anashuka hadi kituoni, anasubiri basi. Likichelewa, pikipiki, na nauli ya pikipiki inakula nusu ya alichokwenda kukitafuta. Mwezi Machi 2024 serikali iliondoa ruzuku ya nauli za mabasi, na tangu hapo hesabu yake imebana zaidi. Jioni ni hivyo hivyo kurudi. Ukijumlisha saa anazopoteza njiani kwa wiki, sidhani kama zinapungua sana kuliko zile za kuvuka Atlantiki. Yeye anazipitia wiki baada ya wiki, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu.

Simtaji ili tuoneane haya. Haya haimfikishi mtu kazini. Namtaja kwa sababu ofisi zimeshakubali hoja, zimeiandika kwenye kanuni zenye vifungu na namba: kwamba umbali unachosha, kwamba mtu aliyechoka hafanyi kazi vizuri, na kwamba anayemtaka mtu huyo kazini asubuhi ndiye anayepaswa kulipia uchovu wake. Hoja hiyo ni sahihi. Mimi naiunga mkono mikono miwili. Kinachonishinda kuelewa ni kwa nini inaanzia saa 9 za angani, na kwa nini inasimama kwenye mlango wa wenye shahada.

Hivyo msimamo wangu, nikiulizwa, ni huu. Daktari anayekwenda kufanya upasuaji, wakili anayeingia mahakamani kesho asubuhi, fundi anayekwenda kuwasha mtambo uliozimika: mpeni kitanda, tena bila masimango. Anayekwenda kwenye warsha kupiga makofi na kupiga picha ya pamoja, akae nyuma na sisi, au aache safari kabisa ahudhurie kwa mtandao akiwa Kacyiru. Mwenye cheo kikubwa asipewe kwa sababu ya cheo. Cheo hakina mgongo. Na safari ya siku mbili au tatu ng'ambo ya bahari iwe jambo la kuombewa ruhusa kwa maandishi, mtu aeleze kwa nini simu haikutosha. Safari zikipungua nusu, mashirika ya ndege yatalia kidogo, nasi tutalala majumbani kwetu.

Kuna fedha zitakazobaki. Tofauti ya bei ya tiketi moja tu ya mbele na ile ya nyuma, kwenda na kurudi New York, ingemlipia mke wa jirani yangu nauli ya basi kwa miaka. Wapo watakaosema hayo ni mafungu tofauti ya bajeti, huwezi kutoa huku ukapeleka kule. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti. Fungu huhamishwa kila siku mkubwa akitaka.

Kwa hiyo, mwajiri unayenisikiliza jioni hii, uwe wizara, uwe benki, uwe shirika la misaada lenye magari meupe: wiki hii, kabla hujasaini tiketi nyingine, ita wafanyakazi wako wa usafi na walinzi wa usiku, uwaulize wanaishi wapi na wanaamka saa ngapi. Kisha sogeza muda wao wa kuanza kazi, au walipie nauli, au tafuta gari la kuwachukua. Na kama ofisi yako imeshaanza kufanya hivyo, tuandikie, tutaitaja hapa wiki ijayo ili wengine waone kwamba inawezekana.